Unga wa Siku za Mgomo

Mwanangu Elia,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vitatu ukaacha cha nne, ukavaa shati ambalo bado lina unyevu, ukaenda Misioni kuwaaga wenzako wa kwaya. Utarudi kabla jua halijazama. Nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la zamani la jiografia, nimeligeuza upande usioandikwa. Usinicheke mwandiko. Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo kazi yangu ya kalamu imekuwa kuwaandikia barua wajane wasiojua kusoma, mpaka na mimi nikawa mjane.

Sitakuambia ufunge sanduku kwa kamba, wala usikae ukingoni mwa lori, wala ujihadhari na nani pale Tunduma. Hayo shangazi yako amekuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho lori likiwa limeshaondoka, akikimbia kando yake. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa mgongoni kwangu.

Baba yako hakuficha ule unga. Niliuficha mimi.

Nimeliandika, na mkono bado ninao. Miaka yote hii nilidhani siku nikitamka maneno hayo paa litaniangukia. Kumbe kuku wanaendelea tu kuparura.

Jumapili iliyopita ulisema mbele ya shangazi yako, "Naenda kusimama pale baba alipokimbia." Ulisema kwa sauti ya mtu mzima, na shangazi yako akainamia sahani. Mimi nilijifanya natafuta chumvi. Unakwenda kuwa karani kwenye mgodi ule ule, na wazee wa kule hawajafa wote. Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani, utasema wa Haonga, na watakutazama kwa jicho fulani. Ukiwa hujui, utainamisha kichwa kwa kosa la baba yako. Sitaki uinamishe kichwa kwa kosa ambalo si lake.

Basi sikiliza tangu mwanzo, maana wewe ulikuwepo lakini ulichokiona ni kisogo changu tu.

Tulikwenda kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Baba yako aliingia shimoni, tukapewa chumba katika laini ya waliooa: nyumba kumi na mbili zimeegemeana, bomba moja la maji, watu wa kila kabila. Jirani yangu alikuwa mama wa Kibemba aliyeitwa BanaMulenga, yaani Mama Mulenga, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Chakula tulipewa na kampuni kila wiki, unga, maharage, nyama yenye mifupa mingi. Dada yako alizaliwa hapo. Ndiyo, ulikuwa na dada. Baba yako aliumia mguu, kampuni ikapunguza posho ya chakula mpaka atakaporudi kazini, na katika wiki hizo maziwa yangu yalikauka. Jina lake lilikuwa Neema. Baba yako hakuweza kulitaja, kwa hiyo nyumbani hatukulitaja, na nakuomba radhi kwa hilo pia. Ukifika, kaburi lake liko upande wa chini wa makaburi ya mgodi, karibu na ukuta. Sijui kama bado linaonekana.

Baada yake ulizaliwa wewe, na katika mwaka huo ndipo Kondowe alipoanza kuja kwetu. Alikuwa karani wa ofisi, mtu wa ng'ambo ya mto Songwe, unapovukia pale Isongole. Alikuwa amefanya kazi Johannesburg na akarudi na kikohozi na kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, hakina jalada, karatasi zimelegea kwa kushikwashikwa. Kila Jumamosi wanaume sita walijibana chumbani kwetu. Kondowe anasoma mstari mmoja wa Kiingereza, anautafsiri, wanabishana mpaka chai inapoa, anasoma mstari wa pili. Alisema aliyeyaanzisha mawazo hayo ni Mjerumani mmoja wa zamani mwenye ndevu nyingi. Nilicheka, maana Wajerumani niliowajua mimi ni wale wa Misioni waliotufundisha kushona na kuimba sauti ya pili, na sikudhani kwao kuna mtu wa kugombana na matajiri.

Lakini nilisikiliza, wewe ukiwa unanyonya. Kondowe alijua kueleza.

"Haonga," alimwambia baba yako, "shaba uliyotoa jana iko wapi?"

"Imekwenda."

"Na nani?"

"Na treni."

"Treni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na taa ya kichwani? Na nyumba hii? Na kitanda?"

"Vya kampuni."

"Na wewe mwenyewe, wa nani?"

Baba yako akafikiri sana, kisha akasema, "Nilidhani wa Tabitha."

Walicheka mpaka nikamwaga chai. Lakini kesho yake alikwenda kazini kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ameishi nao muda mrefu bila kujua jina lake. Hakuwa tena mtu wa kusema ndiyo bwana. Katika muda mfupi wenzake walimchagua kuwa mtu wa kamati.

Kwa hiyo uliponisomea yale makaratasi ya wenzako wa chama, habari ya wanaofanya kazi na wanaokula, ulidhani unaniletea jambo jipya. Nilikuitikia tu. Ningesema niliyasikia hayo kabla hujaota jino, ungeniuliza wapi, na swali lako la pili lingenifikisha kwenye unga.

Mgomo ulipoanza, kampuni ilifunga ghala. Wanaume walikusanyika uwanjani wakiimba, wenye mikono mitupu, na askari wakiwatazama. Walikuwa wamepanga mambo mengi: nani azungumze, nani alinde njia ya shimoni, nani apeleke habari mgodi wa pili. Juu ya chakula hawakuwa wamepanga neno. Nadhani walidhani kitatokea jikoni, kama siku zote.

BanaMulenga ndiye aliyepita mlango hadi mlango. "Leteni unga wote," alisema. "Wote, mayo, mama zangu, hata uliobaki kwenye kikombe. Tutapika chungu kimoja kwangu. Watoto watakula kwanza, halafu wanaonyonyesha, halafu hao waimbaji wetu. Na moshi nataka kuuona kwenye nyumba moja tu."

Elia, nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye makaratasi yako. Niliishi siku tatu bila kujua unga ninaokula ni wa nani. Nilisonga ugali pamoja na mwanamke ambaye mwaka mzima hakunisalimia kwa ajili ya ugomvi wa foleni ya bomba, na siku ya pili akawa ananisuka. Tuliwateta waume zetu, tukawaigiza wanavyohutubia. Watoto walikuwa wa laini nzima, yeyote alimfuta kamasi yeyote. Sijawahi kuwa na watu wengi vile maishani mwangu, na sijawa nao tena. Kama yule mwenye ndevu alikuwa anazungumzia kitu cha kweli, basi ni kile chungu. Nilikula humo, najua ladha yake.

Na siku zote hizo tatu nilikuwa na nusu gunia chini ya kitanda, nimelifunika kwa nepi zako.

Sikuuficha kwa ulafi. Sikuugusa hata mara moja siku hizo. Nilitaka tu kujua kwamba upo. BanaMulenga alipokuja kudai unga wote, nilikuona wewe mikononi mwangu na nikamwona Neema, na mikono ikasukuma gunia chini kabla akili haijaulizwa. Nikampelekea nusu nyingine, nikaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kila kitu. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo, ile namna niliyoibeba.

Siku ya nne ulipata homa. Hukuamka wakati wa zamu ya watoto, na kabla ya mapambazuko ulikuwa unalia bila sauti. Nikafunga mlango, nikawasha moto mdogo, nikakupikia uji. Moshi sikuufikiria hata kidogo. Sisi tuliolelewa Mbozi katika nyumba za nyasi, moshi hupita kwenye paa lote taratibu, jirani hajui kama umepika au hukupika. Nyumba za kampuni zilikuwa na tundu la moshi, la matofali. Kulipopambazuka moshi wangu ulikuwa umesimama juu ya bati, mmoja, mrefu, na laini nzima imetoka nje inautazama.

BanaMulenga aliingia bila kubisha. "BanaElia, unapika?"

"Mtoto ana homa."

"Mtoto akiwa na homa analetwa kwangu. Unga umetoka wapi?"

Nikatazama chini ya kitanda. Akapiga magoti, akaondoa nepi zako moja moja, akazikunja vizuri kabisa, akavuta gunia. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alilibeba mpaka nje akaliweka chini, na watu wakaja, na baba yako akaitwa kutoka uwanjani, na Kondowe nyuma yake.

"Haonga, mukwai," alisema BanaMulenga kwa heshima ya kwao, "hiki ni cha nani?"

Baba yako alitazama gunia, akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Hilo nakuapia, niliufungua. Naye akasema, "Ni changu. Nilimwambia mke wangu akiweke."

Nikaufunga.

BanaMulenga alijua kwamba anadanganya. Wanawake wote walijua; hakuna mwanamume katika laini ile aliyejua hata unga hukaa wapi. Alinigeukia, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko alivyolazimika. Nadhani kama ningesema pale pale, angenitukana mpaka jioni, kisha angechukua gunia akapika. Sikusema. Akaondoka, na hakunisemesha tena.

Kondowe yeye alimwambia baba yako maneno mawili tu: "Hata wewe."

Kesho yake asubuhi nyumba tano zilitoa moshi. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu, kwamba chini ya vitanda vingine kulikuwa na wengine wenye hofu kama yangu, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake. Hilo halikunifariji. Chungu kimoja hakikupikwa tena, na laini yetu ilikuwa ya kwanza kurudi shimoni. Kondowe alichukuliwa kwa gari na vitu vyake kwenye blanketi. Sijui alipelekwa wapi. Sijidanganyi kwamba mimi peke yangu niliangusha mgomo. Kampuni ilikuwa na bunduki na sisi tulikuwa na mwiko. Lakini kama tungeshindwa, tungeshindwa pamoja, na leo ningekuwa na mtu wa kumwandikia barua kule.

Tulirudi nyumbani. Maneno yalirudi nasi, maana kila aliyepita Tunduma akitoka kwenye shaba alikuja nayo mfukoni. Baba yako akaitwa Mficha Unga. Siku za ujima wa kupalilia kahawa mtu angepaza sauti, "Mficha Unga, jembe lako liko wapi, nalo liko chini ya kitanda?" Wote wanacheka, na yeye anacheka nao, anainama kulima. Mimi niko ng'ambo ya shamba na wanawake, nasikia.

Hakunilaumu hata mara moja. Bora angenilaumu. Nililala kando yake miaka kumi na sita, na jambo lile lilikuwa kati yetu, hakuna aliyeligusa. Watu husema upweke ni kukosa mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa naye, mtu mwema kuliko wote niliowajua, na kila siku nilikosa la kumwambia.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa ukarudi kutoka shule na kaptula imechanika, ukamuuliza, "Baba, ni kweli?" Akasema, "Ni kweli," akachukua mkasi akaenda kupogoa mibuni. Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Niliendelea kupepeta. Tangu siku hiyo, mwendapo kanisani, wewe ulitembea hatua kumi nyuma yake, naye alipunguza mwendo makusudi ili umfikie, na wewe ukapunguza wako. Nililiona hilo kila Jumapili, Elia. Unga niliuficha siku chache. Hili nililifanya miaka saba.

Kifua kilipomlaza, nilimwomba aniache nikuambie. Akasema, "Akijua atatukosa wote wawili. Mwache abaki na mmoja." Nikakubali haraka sana. Maneno yake yalikuwa ya upendo, lakini mimi niliyakubali kwa sababu yalinifaa. Na ulipomzika bila chozi, na watu wakasema kijana ana moyo mgumu, nilijua ugumu ule niliutengeneza mimi.

Sasa kuhusu makaratasi yako. Usidhani nakuandikia ili uyatupe. Wapo watakaokuambia hayo ni mambo ya Ulaya, ya viwanda, ya zamani, hayatuhusu sisi wa kahawa. Mimi nayaona kila mavuno. Kahawa yetu inapopelekwa, anayeipanga daraja si sisi, na anayejua inaishia wapi si sisi. Na walio chini yetu? Mwaka jana nilipowachukua wachumaji kutoka Galula, ulikuja jikoni ukakuta vyungu viwili, cha kwetu chenye unga mweupe na chao chenye pumba. Ukasema, "Mama, umekuwa kampuni." Nikakufukuza kwa mwiko. Lakini ulisema kweli, na iliniuma kuliko ulivyokusudia, kwa sababu wewe hukujua mimi na vyungu tumetoka wapi.

Mwaka huu nilipika kimoja. Usitegemee nikuambie kwamba walilia kwa furaha. Walitazamana, wakanusa, mmoja wao, mama mnene mcheshi, akauliza, "Mama Elia, leo umetutilia nini?" Walidhani nataka wafanye kazi mara mbili. Siku ya tatu ndipo walipoomba chumvi zaidi, nikajua wamezoea.

Hicho kitabu cha Kondowe kilimjua tajiri vizuri sana. Kilimjua mfanyakazi pia, lakini kila Kondowe alipomtafsiri, mfanyakazi huyo alikuwa amevaa suruali. Hakikunijua mimi. Kilisema walio na njaa moja watasimama pamoja. Nilikuwa na njaa moja nao na nikaficha. Sisemi kwamba kitabu kilidanganya. Bado naamini kilichosemwa chumbani kwetu, zaidi ya ninavyoamini mengi niliyosikia tangu hapo. Nasema tu kwamba katika wanaume sita waliojua historia ya dunia nzima, hakuna aliyeniuliza naogopa nini. Ningejibu, nadhani. Ningesema, namwogopea huyu, baada ya yule. Na BanaMulenga angesema basi gunia lako likae kwangu, liandikwe jina la Elia, na tungeendelea.

Wewe utakaa kwenye kamati zao, nakujua, huwezi kukaa kimya. Ukikaa, pita jikoni. Na ukimkuta mtu ameficha, usimwulize mbele ya laini nzima.

Wakikuuliza wewe ni mtoto wa nani, sema wa Haonga, na uinue kichwa. Wakianza habari ya unga, waambie ulikuwa wa Tabitha. Waambie hivyo hivyo, kwa jina. BanaMulenga akiwa hai, mwambie nilichelewa.

Najua ninachokitoa hapa. Ulikuwa umebakiwa na mzazi mmoja uliyemheshimu, na sasa nakurudishia mwingine ambaye amekufa, na huyu aliye hai sijui utamfanya nini. Unaweza kuondoka kesho bila kuniaga. Una haki hiyo. Nyumba itakuwa na mimi na kuku, na upweke huo nitaukubali kwa sababu nimeupata kwa kazi yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii katikati ya mashati, uikute ukishavuka mpaka, mahali ambapo huwezi kunitazama. Nimebadili shauri. Nakusikia unapiga mluzi huko chini kwenye migomba. Nitakupa mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma.

Mama yako,
Tabitha